Gazeti dogo mikononi mwa wamama: kazi ya zamani njo mtaji wa kwanza

Kampene, mtu akitafuta habari kuko njia tatu: redio, simu na mdomo. Redio inasema, inapita. Simu inaleta sauti na picha zenye hakuna anayejua zimetoka wapi. Mdomo, kila mtu anaongeza chumvi yake. Chenye kinakosa mara nyingi ni karatasi: kitu cha kukunja, kuweka mfukoni, na kutoa kwenye barza majuma mawili baadaye ili kusema: ona, hapa njo walituahidia barabara.

Watu wakiongea juu ya gazeti, fikra inaenda mbio Kindu, Bukavu ao Kinshasa. Wanaona ofisi, kompyuta, mwandishi mwenye diploma. Na mara nyingi wanaona mwanaume. Lakini ukitazama magazeti madogo yenye yalisimama katika fasi ngumu, unakuta baadhi ya yale yenye jina kubwa yalishikwa na wamama, na wale wamama hawakuanza kama watu wa gazeti. Mmoja alitoka redioni, wengine shambani, wengine kwenye machimbo ya mawe. Gazeti lilikuja nyuma, likajengwa juu ya kazi zenye walikuwa wamekwisha kuzijua.

Jambo hilo linagusa teritwari ya Pangi moja kwa moja. Hapa wamama wanabeba soko, shamba, kituo cha afya, na sehemu kubwa ya biashara ndogo inayolisha wachimbaji. Wanajua bei, wanajua nani mgonjwa, wanajua daraja gani limeanguka. Lakini wakati habari inatangazwa, jina lao linasikika kidogo. Je, kundi la wamama wa namna hiyo linaweza kushika gazeti lao? Mifano ipo, na mmoja uko karibu.

Bukavu: kutoka redio mpaka karatasi

Maniema na Kivu ya Kusini zilikuwa jimbo moja mpaka 1988, Kivu ilipogawanywa mara tatu. Basi habari za Bukavu hazikuwa habari za ugenini. Kule, gazeti Le Souverain lilianzishwa 1992, wakati Zaire ilikuwa inajaribu kutoka kwenye chama kimoja na magazeti yalikuwa yanaota kama uyoga. Mengi yalikufa. Mwaka 2007 uongozi wa Le Souverain ulichukuliwa na Mama Solange Lusiku Nsimire, na akawa mwanamke wa kwanza kuongoza gazeti katika Kivu ya Kusini.

Mama Solange alikuwa mtu wa redio. Hiyo ilimpa vitu fulani: kuandika sentensi yenye mtu wa kawaida anaelewa mara moja, kumfuata shahidi, kumwachia mtu aongee bila kumkata. Ilimpa pia uso wenye watu walikuwa wanaujua, maana Bukavu sauti ya redio inaingia kila nyumba. Lakini redio haikumfundisha kununua karatasi, wala kuuza kitu mkononi. Mtu wa redio akimaliza kusoma habari, kazi imekwisha. Mtu wa gazeti akimaliza kuandika, kazi njo inaanza.

Na kule kazi ilikuwa nzito. Gazeti liliandikwa Bukavu, lakini lilichapwa Burundi. Fikiria hesabu: mpaka, forodha, bonde la Ruzizi lenye usalama wake unabadilika kila siku, kisha kurudi na mzigo wa karatasi zenye habari tayari imezeeka siku kadhaa. Kila toleo lilikuwa safari. Mtu anayeuza samaki wa Uvira anajua hiyo hesabu vizuri kuliko profesa wa uandishi: mali inayooza, njia ndefu, na barieri njiani.

Tena mwaka wenye alianza haukuwa mwaka wa mchezo. Tarehe 13 Juni 2007, Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi mjini Bukavu. Tarehe 21 Novemba 2008, mwenzake Didace Namujimbo aliuawa pia, mji ule ule. Mama Solange naye alitishwa mara nyingi. Watu wenye silaha walifika mpaka kuingia nyumbani mwake, na kuko wakati alilazimika kujificha. Gazeti liliendelea kuandika juu ya demokrasia, juu ya haki za wanawake, juu ya wakubwa wenye kula mali ya watu.

Nje ya nchi walimtambua. Mwaka 2012 Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, Ubelgiji, kilimpa udaktari wa heshima. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la wanawake wa vyombo vya habari, lenye makao Washington, lilimpa tuzo ya ujasiri. Tuzo ni kitu kizuri, lakini haichapi toleo la mwezi unaofuata. Mama Solange alifariki kwa ugonjwa tarehe 14 Oktoba 2018, Kinshasa, akiwa na miaka 46.

Hakuwa peke yake katika mji ule. Tangu 2003 kulikuwa AFEM, muungano wa wanawake wa vyombo vya habari wa Kivu ya Kusini, wenye ulianzishwa na Mama Chouchou Namegabe na wenzake, yeye pia akitokea Radio Maendeleo. AFEM ilifanya kitu chenye mtu wa Kampene anaweza kukitumia leo: ilienda vijijini, ikafundisha wamama wa kawaida kukusanya habari na kuzileta redioni. Hawakuombwa kwanza diploma. Waliombwa kujua kijiji chao.

Wamama wa shamba na wa mawe

Mfano wenye nguvu kushinda yote uko mbali, India, wilaya ya Chitrakoot, kaskazini ya nchi. Ni fasi maskini, yenye machimbo ya mawe, barabara mbovu, majambazi msituni, na desturi ya matabaka yenye kumweka mtu chini tangu kuzaliwa. Ukiondoa matabaka, mtu wa Maniema anaweza kujiona mle ndani.

Kule, mnamo Mei 2002, lilitoka gazeti Khabar Lahariya, jina lenye maana karibu na "mawimbi ya habari". Lilishikwa na wanawake watupu, wengi wao wa tabaka la Dalit, lile linalohesabiwa la chini kabisa. Wengi walikuwa wameolewa wakiwa watoto. Walikuwa wamefanya kazi ya mashamba ya watu, ya kupasua na kubeba mawe, ya nyumbani. Baadhi yao walijifunza kusoma wakiwa wakubwa, kwenye darasa la wanawake. Mmoja wa waanzilishi, Kavita Devi, aliolewa akiwa na miaka 12 na akasoma baadaye.

Gazeti halikuanguka kutoka mbinguni. Mbele yake, miaka ya 1990, kulikuwa karatasi ndogo ya wanawake waliokuwa wanajifunza kusoma. Walihitaji kitu cha kusoma chenye kuongea mambo yao, kwa hiyo wakakiandika wenyewe. Programu ya serikali iliyokuwa inalipia ikafungwa, karatasi ikafa, na wanawake wakakataa. Shirika moja la elimu la Delhi, Nirantar, likawasaidia kurudi na gazeti kamili.

Kazi zote walizifanya wao: kutafuta habari, kuandika, kusahihisha, kupanga kurasa, na kuuza. Hilo la kuuza njo linastahili kutazamwa kwa makini. Gazeti la rupia mbili lilibebwa mkononi, kwa mguu na kwa basi, kijiji kwa kijiji, na mwandishi mwenyewe. Maana yake, mtu aliyeandika kwamba pampu ya maji ya kijiji fulani imeharibika, juma linalofuata anarudi pale pale kuuza. Kama aliandika uongo, watu wanamwambia usoni. Kama aliandika kweli na pampu ikatengenezwa, wananunua bila kuombwa. Hakuna shule inayofundisha usahihi wa habari kwa nguvu kama hiyo.

Lugha nayo. Gazeti halikuandikwa kwa Kihindi cha ofisi, liliandikwa kwa Kibundeli, lugha ya nyumbani yenye wakubwa walikuwa wanaicheka. Wakati gazeti lilipoenea kwenye wilaya nyingine, likatoka pia kwa lugha za kule. Hapa Kongo, Katiba ya 2006 inaweka Kifaransa kuwa lugha ya leta, na Kiswahili moja ya lugha nne za taifa. Lakini barua ya ofisi inakuja kwa Kifaransa, na mama anayeihitaji anaitafutia mtu wa kumsomea. Gazeti la Kiswahili chenye kinaongewa Kampene, na kipande cha Kilega pale penye neno la Kiswahili halitoshi, lingekuwa tayari limefanya nusu ya kazi kabla ya habari ya kwanza.

Wamama wa Chitrakoot waliteswa pia. Kwa miezi mingi mwanaume mmoja aliwapigia simu waandishi wengi wa gazeti, mchana na usiku, kwa matusi na vitisho. Walienda kwa polisi, hawakusikilizwa. Mnamo Septemba 2015 waliandika wao wenyewe yale yaliyowapata na kuyatangaza, na hapo tu polisi wakamkamata mtu. Mwaka unaofuata waliacha karatasi na kuhamia kwenye simu na video, maana vijiji vilikuwa vimejaa simu. Filamu iliyowahusu ilifika kwenye mashindano ya Oscar mwaka 2022, na wao wakasema wazi kwamba filamu hiyo inaonyesha sehemu tu ya kazi yao. Kuko wengi wangenyamaza na kufurahia sifa.

Kwenye Kiswahili chenyewe

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la Wahindi. Tanzania, mwaka 1987, wanawake waandishi walianzisha chama chao, TAMWA, na mwaka 1988 wakatoa jarida Sauti ya Siti. Wale walikuwa watu wa kazi hiyo tayari, wa redio na wa magazeti ya serikali, lakini walichoka kuandika tu yale yenye wakubwa wao wanaume wanataka. Waliandika juu ya wanawake kupigwa, juu ya ubakaji, juu ya wasichana kufukuzwa shule, na kelele ya chama hicho ni kati ya zile zilizosukuma mpaka sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ikatoka.

Jina walilochagua linafaa kabisa hapa. Siti binti Saad wa Unguja, kabla ya sauti yake kuingia kwenye santuri za Bombay mwaka 1928, alikuwa anauza vyungu. Alikuwa anatembea navyo akiita wanunuzi kwa sauti, na inasemwa njo pale sauti ilipojifunza kufika mbali.

Kazi gani inaleta nini

Sasa turudi Kampene. Tuseme kuko wamama sita wanaotaka kuanzisha karatasi ya kurasa nne. Hakuna hata mmoja aliyesoma uandishi. Wana nini?

Mwalimu wa shule ya msingi ana kalamu nyekundu. Amesahihisha madaftari ya watoto hamsini kila juma kwa miaka. Anajua kuona kosa, na anajua kueleza jambo gumu kwa mtu asiyelijua. Mwanamke huyo njo mhariri, hata kama hajawahi kusikia neno hilo.

Mama wa soko anajua bei ya mchele, ya mafuta ya mawese, ya sabuni na ya chumvi leo, jana na mwezi uliopita, na anajua kwa nini imepanda: daraja limekatika, ndege haikuja, ao motari wameongezewa ada njiani. Ukurasa wa bei ni ukurasa wenye watu watanunua gazeti kwa ajili yake. Watu wenye masomo wanaudharau. Makosa makubwa. Mchimbaji anayeuza dhahabu yake bila kujua bei ya Bukavu, mama anayenunua gunia la muhogo bila kujua bei ya Kalima, wote wawili wanapoteza makuta kwa kukosa mstari mmoja ulioandikwa.

Mkunga ao muuguzi analeta kitu kigumu zaidi: kunyamaza. Amesikia siri za nyumba nyingi na hajazitoa. Gazeti likianza kuongea juu ya ubakaji, juu ya mtoto aliyekufa kwa kukosa damu, juu ya mume anayepiga, yeye njo anajua namna ya kuuliza bila kuongeza kidonda, na anajua lipi haliandikwi. Kongo ina sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, juu ya makosa ya ngono, na zinataka heshima na usiri wa mwathiriwa ulindwe. Gazeti dogo liko na hatari ya pekee hapa. Mjini Kinshasa ukiandika "msichana wa miaka 14 wa mtaa fulani", hakuna anayemjua. Katika kijiji cha Pangi, ukiandika hivyo kila mtu amekwisha kumjua, hata bila jina. Basi hata mtaa unaondolewa, hata umri, hata siku.

Mshonaji anajua kupima na kukata bila kupoteza kitambaa, na kupanga ukurasa ni kazi ya namna ile ile: nafasi ni hii, maneno ni haya, fupi inakatwa wapi. Katibu wa parokia ao wa kanisa anajua kuandika ripoti ya kikao na kuweka tarehe. Mama aliyekuwa anapeleka bidhaa kwenye machimbo anajua njia, anajua nani ni nani, na watu wa kule hawamwogopi.

Na mhasibu wa AVEC anajua sanduku. Huyu asisahauliwe, maana magazeti madogo mengi hayafi kwa risasi wala kwa sheria. Yanakufa kwa sanduku.

Hesabu ya karatasi

Gazeti la bei ndogo kabisa ni karatasi moja kubwa ya A3, ikichapwa pande mbili na kukunjwa katikati: kurasa nne. Zamani parokia na shule zilifanya hivyo kwa stensili na mashine ya kuzungusha kwa mkono. Leo ni kompyuta, fotokopi, na paneli za jua ao jenereta.

Tufanye mfano wa hesabu, bei zikiwa za kufikiria tu. Kila ukurasa ukigharimu franka 100 kwa fotokopi, gazeti moja la kurasa nne ni franka 400. Magazeti mia moja ni franka 40.000. Ukiuza kila moja kwa franka 500 na yote yakaisha, unapata 50.000, na franka 10.000 zinabaki. Inaonekana vizuri. Lakini yakirudi 25 bila kuuzwa, unapata 37.500. Umepoteza 2.500, na bado hujalipa mtu yeyote, hujalipa mafuta, hujampa motari makuta ya kupeleka furushi Kindu ao kwenye machimbo.

Kwa hiyo mauzo peke yake hayatoshi. Kuko matangazo madogo: harusi, msiba, shukrani, duka jipya, mbuzi aliyepotea. Kuko shule na vituo vya afya vinavyoweza kulipia nakala chache za kudumu. Kuko redio. Redio ya jamii na gazeti dogo si wapinzani: redio inaweza kusoma kurasa mbili kila juma kwa wale wasiojua kusoma, na gazeti linaweza kuandika yale yaliyosemwa kwenye mazungumzo ya redio ili yabaki. Na kuko nakala moja inayobandikwa kwenye ubao sokoni, bure. Watu wanafikiri ubao unaua mauzo. Lakini ubao unamfanya mtu ajue kwamba kuko gazeti.

Makuta ya mgombea siasa yatakuja pia, hasa karibu na uchaguzi. Yatakuja yakitabasamu. Hapo mama wa soko anajua kitu chenye wasomi wanasahau: mtu aliyekulipia mtaji wote, ni yeye anaweka bei.

Sheria, na mtu wa kujibu

Gazeti, hata la karatasi moja, linaingia kwenye sheria. Uhuru wa vyombo vya habari Kongo sasa unaongozwa na ordonansi-sheria namba 23/009 ya tarehe 13 Machi 2023, iliyochukua nafasi ya sheria ya 22 Juni 1996. Gazeti halitoki gizani: linatangazwa kwa leta, linakuwa na jina, anwani, na mkurugenzi wa uchapishaji mwenye anajulikana. Mtu aliyetajwa vibaya ana haki ya kujibu ndani ya gazeti lile lile. Wamama wasiione haki hiyo kama adui. Jibu lililochapwa vizuri linazuia kesi nyingi.

Maana kesi zipo. Kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu mtu aliyemtaja mwingine kwa jambo lenye kumharibia heshima, kwa kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1, pamoja na faini. Mtu mwenye cheo akikasirika, kifungu hicho anakijua kwa kichwa. Kinga ya kwanza ni daftari: nani alisema, tarehe gani, mbele ya nani, na je, mtuhumiwa aliulizwa upande wake? Mwalimu na katibu wa parokia hawatashangaa kuambiwa hivyo. Ni kazi yao ya zamani.

Kinga ya pili ni kutokuwa peke yako. Muungano wa kitaifa wa waandishi, UNPC, unatoa kadi ya kazi. Baraza la juu la vyombo vya habari, CSAC, lenye liliundwa na sheria ya 2011, linapokea malalamiko. Na redio ya karibu ikijua kwamba gazeti fulani limetishwa leo, na ikalitangaza jioni ile ile, mtu wa kutisha anafikiri mara mbili. Wale wamama wa Chitrakoot walipata msaada siku yenye jambo lao lilijulikana, si siku yenye walipiga ripoti polisi.

Lakini mwanamke ana vitisho vya pekee. Mwandishi mwanaume anaambiwa tutakufunga. Mwanamke anaambiwa mambo juu ya mwili wake, juu ya ndoa yake, juu ya kwa nini anarudi nyumbani jioni. Mara nyingine inaanza na jirani, na mara nyingine na bwana yake mwenyewe anayesikia maneno mtaani. Kundi likae na familia mapema, mbele ya toleo la kwanza, lieleze kazi ni nini na safari ni za namna gani. AVEC zinafanya hivyo mbele ya kutoa mkopo mkubwa, na hakuna anayeona ajabu.

Nani anashika funguo

Le Souverain lilijulikana kwa jina la mtu mmoja. Hilo lilikuwa nguvu yake, na hilo lilikuwa mzigo wake: kila kitisho kilikuwa na anwani moja ya kufikia. Khabar Lahariya lilijengwa kwa namna nyingine, kama kundi, wanawake wapya wakifundishwa na wale wa kwanza, na mmoja akiondoka mwingine anashika. Kwa fasi kama Pangi, yenye mtu anaweza kuugua wakati wa mvua na barabara ya Kindu haipitiki, namna ya pili inaonekana kuwa salama zaidi.

Wamama wa AVEC wamekwisha kuijua. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, nyumba tatu. Halifunguki mpaka wote wakae, na mbele ya wanachama. Sanduku la gazeti linaweza kuwa hivyo hivyo: makuta ya mauzo, muhuri, karatasi ya neno la siri la kompyuta, nakala moja ya kila toleo, karatasi za leta. Mwenye ufunguo akisafiri, anauacha kwa mwenzake mbele ya macho ya wote.

Daftari moja tu haiingii humo, ile yenye majina ya watu waliosema kwa kuomba wasitajwe. Hiyo mkunga wa zamani haiandiki popote. Anaishika kichwani, kama alivyoshika zingine.